MAJI HUPITA, TOPE HUBAKI
Namna ya kupima na kutibu metali nzito katika mashapo ya mito yetu



Kila masika mito ishukayo kutoka vilima vya Kigoma hugeuka rangi na kumwaga tope lake katika Ziwa Tanganyika. Baada ya siku chache maji hung'aa tena, na wengi wetu hudhani kwamba uchafu umekwisha. Kwa taka nyingine huenda ikawa hivyo. Kwa metali nzito sivyo. Risasi, zebaki, kadimi, shaba na zinki haziozi wala haziungui zikaisha. Hushikamana na chembe laini za udongo, huzama pamoja nazo, na kubaki chini. Kwa hiyo mtu apimaye maji peke yake aweza kuambiwa kuwa mto ni safi, ilhali sakafu ya mto imebeba mzigo wa miaka mingi.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa mwambao. Ziwa letu lina kina kifikacho meta 1,470, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, yaani mto Lukuga uelekeao Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui metali. Kiingiacho ziwani, basi, ni kama fedha iliyowekwa katika akaunti isiyoruhusu kutoa.

Metali hizi hutoka wapi?

Kwanza ieleweke kwamba udongo wenyewe una metali za asili. Utando mwekundu uonekanao katika chemchemi na vinamasi aghalabu ni chuma cha asili, na si dalili ya sumu.

Mzigo wa kuongezwa na binadamu una vyanzo kadhaa. Betri za magari na za taa za jua zina risasi. Rangi za zamani za meli, ambazo nyingi zilitiwa risasi, hukwanguliwa na kuanguka majini; na Kigoma ni bandari iliyounganishwa na reli tangu mwaka 1914. Oili chafu za injini huchukua metali zilizosagika ndani ya mashine. Wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu hutumia zebaki. Nasi wakulima wa kahawa tusijitoe: mrututu na dawa nyingine za shaba tunazonyunyiza kuzuia chulebuni na kutu ya majani huoshwa na mvua hadi mtoni. Shaba kidogo haimdhuru mkulima, lakini huwadhuru konokono na wadudu wa majini ambao ni chakula cha samaki.

Namna ya kuchukua sampuli

Kipimo kizuri huanzia mtoni, kabla ya maabara. Chama kinachotaka kujua hali ya mto wake na kizingatie haya:

1. Zichukuliwe sampuli mahali pasipopungua patatu: juu ya mto kabla ya makazi na karakana, karibu na mfereji unaoshukiwa, na mlangoni mwa mto. Sampuli ya juu ndiyo kipimo cha asili. Bila hiyo hakuna cha kulinganisha.

2. Kila mahali yachotwe mafungu matano ya tope la juu, lisilozidi sentimeta 5, yakachanganywa kuwa moja. Tope hilo ndilo la karibuni zaidi.

3. Kitumike kijiko cha mti au cha plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, na zinki hiyo itaingia katika hesabu.

4. Mfuko uandikwe mahali, tarehe na saa, uwekwe penye baridi, na ufikishwe maabara mapema.

5. Kazi irudiwe kiangazi na baada ya masika, kwa kuwa mafuriko huhamisha mashapo.

Katika maabara tope hukaushwa na kuchekechwa ili zibaki chembe zilizo ndogo kuliko milimita 0.063. Sababu yake ni kwamba mchanga hushika metali kidogo, na udongo laini hushika nyingi. Anayelinganisha mchanga wa mahali pamoja na udongo laini wa pengine atapata tofauti isiyo ya kweli. Halafu tope huyeyushwa kwa asidi kali na kusomwa kwa mashine. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni mojawapo ya mahali pa kuuliza huduma hiyo. Na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, pamoja na kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, zafaa kushauriwa kabla ya kuanza.

Namna ya kusoma majibu

Tuchukue mfano wa hesabu. Tope la juu ya mto lina miligramu 20 za risasi kwa kila kilo kavu, na gramu 40 za chuma. Tope la mlangoni lina miligramu 60 za risasi na gramu 60 za chuma. Kwa haraka tutasema risasi imeongezeka mara tatu. Lakini chuma nacho kimeongezeka mara moja na nusu, na hiyo ni dalili kwamba tope la mlangoni ni laini zaidi. Tukigawanya tatu kwa moja na nusu, ongezeko la kweli ni mara mbili. Ongezeko hilo ni la kuchunguzwa, ingawa si la kutangaza maafa.

Kisha ulinganishwe wingi wenyewe na vikomo. Mwaka 2000 wataalamu wa Amerika ya Kaskazini walichapisha viwango vitumikavyo sasa katika nchi nyingi. Chini ya kiwango cha kwanza, madhara kwa viumbe wa tope si ya kutazamiwa. Juu ya kiwango cha pili, madhara ni ya kutazamiwa. Kwa miligramu katika kilo kavu, risasi ni 35.8 na 128, shaba 31.6 na 149, zinki 121 na 459, kadimi 0.99 na 4.98, zebaki 0.18 na 1.06. Risasi ya mfano wetu, 60, iko katikati: yataka kipimo cha pili na kutafuta chanzo.

Viwango hivi ni vya viumbe waishio chini ya maji. Haviamui kama samaki analika. Samaki hupimwa mwenyewe. Mwaka 2000 watafiti walichukua samaki wa Ziwa Tanganyika na kupima zebaki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Aina nyingi zilikuwa chini ya miligramu 0.2 kwa kilo. Hata hivyo samaki wawili wakubwa wa jamii ya sangala walikuwa na 0.54 na 0.78, kupita kikomo cha biashara cha 0.5. Zebaki huongezeka kadiri samaki alavyo samaki wenzake. Dagaa, alaye viumbe vidogo, yu chini katika ngazi hiyo. Mtu asieneze, basi, neno la kwamba "samaki wa Kigoma wana sumu". Uvumi wa namna hiyo waweza kuangusha bei ya dagaa wa maelfu ya wavuvi bila kumponya mtu hata mmoja.

Tiba

Tiba ya kwanza ni kuziba chanzo. Kukisha kuzibwa, tope safi la kila masika hufunika tope chafu pole pole, na mara nyingi hilo latosha, mradi mahali paangaliwe kwa vipimo.

Tiba ya pili ni kufunga metali palepale. Chokaa hupunguza uchachu wa tope na kuifanya metali isiyeyuke kwa urahisi. Mchanga safi uliotandazwa juu huitenga na viumbe. Matete na vinamasi navyo hukamata tope kabla halijafika ziwani. Kinamasi cha Malagarasi na Moyowosi, kilichoingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, hufanya kazi hiyo bila malipo. Anayefyeka matete ya mlangoni mwa mto huvunja chujio la kijiji chake.

Tiba ya mwisho ni kufukua, nayo ni ghali na ya hatari. Tope lililokosa hewa hushika metali kwa nguvu. Likiinuliwa na kupata hewa huweza kuziachia majini. Huko Minamata, Japani, kazi ya kufukua na kufukia tope lenye zebaki ilidumu tangu 1977 hadi 1990, ikaacha hekta 58 za ardhi ya kufukiwa na kugharimu yen zaidi ya bilioni 48.

Jirani zetu wa Uganda nao wana funzo. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulichimbwa tangu 1956 hadi 1982, na mabaki yake yakaachwa kando ya mto Nyamwamba, uelekeao Ziwa George. Kuanzia 1999 lundo moja la mabaki huko Kasese lilitumiwa kutoa kobalti kwa msaada wa bakteria: taka ikawa mali. Lakini mabaki mengine yalibaki ukingoni, na mafuriko ya 2013 na 2020 yakayamega. Mgodi ulikuwa umefungwa zaidi ya miaka 30, na mto bado ulikuwa ukilipa deni.

Wajibu wa chama cha msingi

Hatuna mgodi kama wa Kilembe ukingoni mwa Luiche, na hiyo ni nafasi ya kushukuru na kuitumia. Kila chama chaweza kuanza na mambo manne: kukusanya betri chakavu mahali pamoja penye paa na sakafu, na kuwakataza watoto kuzivunja, kuweka pipa la oili chafu katika kila mwalo, kupima dawa ya shaba kwa maagizo ya bwana shamba, na kutosafisha bomba la kunyunyizia mtoni, na kuacha ukanda wa matete kando ya maji. Gharama ya pipa na paa yaweza kupitishwa katika mkutano mkuu mmoja. Gharama ya kufukua mlango wa mto haitapitishwa na chama chochote, kwa sababu hakuna chama chenye fedha hiyo.