Nyepesi Mkononi, Kali Begani

Jumamosi ya tatu ya Oktoba, saa nne kamili asubuhi, msimu mkuu wa kuwinda fezanti hufunguliwa katika jimbo la South Dakota, Marekani. Kabla ya saa hiyo barabara za vumbi huwa zimejaa pikapu, mbwa wanalia kwenye vizimba, na watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa wamejipanga ukingoni mwa shamba la mahindi wakitazama saa zao. Muda ukitimia mstari mzima unaingia shambani kwa miguu. Watapita kwenye mabua, kwenye mtama, kwenye nyasi za kiunoni na matete ya mabwawa, na sheria inawaruhusu kuendelea hadi jua kuzama. Muda wote huo bunduki iko mikononi, imeshikwa mbele ya kifua, kwa sababu ndege hatoi taarifa kabla ya kuruka.

Mwindaji wa bata hana shida hii. Yeye hukaa kwenye kibanda chake, bunduki imeegemea ukuta, na hata ikiwa na kilo tatu na nusu hailaani. Wa fezanti anatembea siku nzima kwa ajili ya sekunde chache. Anaruhusiwa majogoo watatu tu kwa siku, majike hawaguswi, kwa hiyo akifyatua mara tano au sita ameshiba. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana kila msimu matangazo ya bunduki za marisawa zinazojipakia zenyewe hutanguliza tarakimu moja: kilo 2.7, kilo 2.5, na kushuka. Kwa maoni yangu tarakimu hiyo ingesomwa mwisho, baada ya mengine yote.

Tumtazame kwanza ndege mwenyewe. Fezanti si mwenyeji wa Marekani. Asili yake ni Asia, na Owen Denny, aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Shanghai, ndiye aliyewasafirisha hadi Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880. South Dakota iliruhusu uwindaji wake mara ya kwanza mwaka 1919, katika wilaya ya Spink, kwa siku moja tu. Leo ndiye ndege rasmi wa jimbo. Tabia yake ataifahamu yeyote aliyewahi kumfukuza kwale: miguu kwanza, mabawa baadaye. Hukimbia chini ya majani mpaka abanwe mwisho wa shamba, kisha huibuka karibu wima kwa kishindo na kelele. Bunduki inatakiwa ipande begani upesi, na hapo wepesi unasaidia. Lakini ndege akishanyooka na kushika upepo, mtutu lazima umfuate, umpite kidogo, na uendelee kusogea hata baada ya kufyatua. Hapo wepesi unageuka adui. Mtutu usio na uzito husimama mkono unaposita, na marisawa hupita nyuma ya mkia.

Bunduki za kujipakia zilianza zikiwa nzito. John Moses Browning wa Utah alibuni ya kwanza iliyofanikiwa mwishoni mwa karne ya 19, akakosana na Winchester juu ya malipo ya kila bunduki itakayouzwa, akaenda Remington Januari 1902. Akiwa anasubiri kuonana na mkuu wa kampuni, Marcellus Hartley, akaambiwa kwamba mzee amefariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Akapanda meli kwenda Ubelgiji, na kiwanda cha FN kikaitengeneza ile iliyokuja kuitwa Auto-5, bunduki yenye kisogo cha mraba ambayo haikuacha kuzalishwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndani yake mtutu mzima hurudi nyuma pamoja na bolti, kisha mtutu hutangulia kurejea huku ganda tupu likitupwa nje. Chuma kingi, mwendo mwingi. Waitaliano wa Franchi walichukua mfumo huohuo, wakaweka mwili wa aloi ya alumini, wakapata 48 AL, ambayo katika kipimo cha 20, yaani yenye mtutu mwembamba kuliko ule wa kipimo cha 12, ni nyepesi kiasi kwamba anayeishika mara ya kwanza huitazama mara mbili.

Mapinduzi yaliyofuata yalitokea Urbino, Italia, ambako Benelli ilianza kutengeneza bunduki mwaka 1967 kwa mfumo wa fundi Bruno Civolani. Bolti yake ina vipande viwili na springi fupi ngumu katikati. Bunduki inapopiga teke na kurudi nyuma, kipande kizito cha bolti kinachelewa, kama abiria aliyesimama wakati daladala linaondoka ghafla. Springi inabanwa, kisha inakunjuka na kuirusha bolti nyuma. Hakuna tundu kwenye mtutu wala pistoni chini yake, kwa hiyo sehemu ya kushikia mbele inaweza kuwa nyembamba na masizi hayaingii ndani sana. Ndiyo maana bunduki nyingi nyepesi za leo, za Kiitalia na zile za Kituruki zenye bei nafuu, zinatumia mfumo huu.

Mfumo mwingine ni wa gesi, uliopendwa sana Marekani tangu Remington ilipotoa Model 1100 mwaka 1963. Matundu madogo kwenye mtutu huchepusha gesi ya baruti isukume pistoni. Unahitaji kusafishwa mara kwa mara na unaongeza uzito mbele, lakini unalitawanya teke kwa muda mrefu zaidi, na bega linashukuru.

Na teke ndilo hesabu ambayo matangazo huiruka. Kwa risasi ileile, nguvu yake hupanda kadiri bunduki inavyopungua uzito. Ukitoka kilo 3.4 hadi 2.7, umeongeza takriban robo. Risasi ya kipimo cha 12 yenye gramu 35 za marisawa, ndiyo dawa ya kawaida ya fezanti, ikipigwa kwenye bunduki ya kilo 2.7 isiyo na pistoni, inaumiza. Wapo wanaosema ukimwona ndege huhisi kitu, na ni kweli kwa risasi ya kwanza. Ya pili mtu hukunja uso kabla ya kufyatua, na aliyekunja uso amekwisha kukosa. Bunduki nyepesi sana ya kipimo cha 12 ninaiona kama upungufu wa mantiki: umenunua mtutu mpana ili ubebe risasi kubwa, kisha umeondoa uzito uliokuwezesha kuivumilia.

Afadhali kipimo cha 20, ambacho mwili wake wote ni mdogo tangu mwanzo na risasi yake ya gramu 25 au 28 inamtosha jogoo aliye ndani ya mita 35. Kilo 2.6 hadi 2.8 ni uzito wa kutosha kutembea nao. Mtutu ningechukua wa sentimita 71, si 66, ili upatikane uzito kidogo mbele. Mfupi nawaachia wanaowinda grausi kwenye misitu minene ya Minnesota na Michigan, ambako matawi hayaruhusu mwendo mrefu wa mtutu. Dukani, hakikisha kwanza chemba iko tupu, kisha weka kidole chini ya bunduki uone inapolala sawa. Ikielemea kitako, iache.

Kitako chenyewe kina mambo zaidi ya mizani. Bunduki ya marisawa haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo hicho, na shavu lako juu ya ubao ndilo linaloamua liko wapi. Vaa koti utakalowinda nalo, fumba macho, pandisha bunduki begani, fumbua. Ukiona kisogo cha bunduki badala ya mtutu, kitako kiko chini mno kwako. Bunduki nyingi za sasa huja na vipande vidogo vya kubadilisha mwinamo huo, na kazi hiyo ya dakika chache inaua ndege wengi kuliko gramu 200 zilizopunguzwa kiwandani.

Anayetafuta ya mkono wa pili ana la kuangalia. Kwenye maeneo ya serikali kuu yaliyotengwa kwa mazalia ya bata, risasi za madini ya risasi haziruhusiwi hata kwa fezanti; hutumika za chuma. Auto-5 za zamani zilizotengenezwa Ubelgiji hazikukusudiwa risasi za chuma, na mtutu wake unaweza kuharibika.

Kuna pia dosari ya bolti kama ya Benelli, ambayo kichwa chake huzunguka ili kujifunga. Ikigongwa na tawi au ikifungwa polepole ili isipige kelele, inaweza kubaki haijajifunga sawasawa. Jogoo anaruka, unafyatua, unasikia «tik». Dawa ni kuiachia bolti ijifunge yenyewe kwa nguvu zake, na kuikagua kila baada ya kupita kichaka.

Bunduki ya mitutu miwili ina faida moja ambayo hizi hazina: ukiikunja, kila mtu kwenye mstari anaona ni tupu. Inayojipakia huonekana vilevile ikiwa na risasi au haina. Kwa hiyo kabla ya kuvuka waya wa shamba risasi zote hutolewa, chemba na magazini, na bolti huachwa wazi.

Na atakayehamia kipimo cha 20 huku nyumbani bado kuna ya 12, achunguze kila mfuko wa kizibao chake. Risasi ya 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya 12 huteleza, ikakwama ndani ya mtutu mbele ya chemba. Mtu anadhani hakupakia, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa mbele. Ndiyo maana watengenezaji wa Marekani hutia maganda ya 20 rangi ya manjano.