Tarehe ya Ubaoni

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, mwalimu wa shule ya msingi huandika tarehe kwenye kona ya ubao. Huiandika kwa chaki, miaka thelathini na zaidi, mpaka siku ya kustaafu ifike. Baadaye, akiwa nyumbani kwake Kalimoni, kwenye viunga vya Juja kati ya Ruiru na Thika, hugundua kwamba uzee wake wote umepangwa na tarehe ambazo si yeye aliyeziandika.

Ya kwanza ni 1 Julai 1997. Mwaka huo, uchaguzi mkuu ukikaribia, mgomo ulioitishwa na chama cha walimu, KNUT, ulizaa ahadi ya nyongeza ya mishahara ya asilimia 150 hadi 200, ihesabiwe kuanzia tarehe hiyo na ilipwe kwa awamu. Nyongeza ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, awamu ya kwanza ikalipwa, kisha serikali ikasita. Waliostaafu katika miaka hiyo wakapigiwa hesabu ya pensheni kwa mshahara wa zamani. Walienda mahakamani Nakuru, wadai zaidi ya 50,000, na mwaka 2008 Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya, akaamua kwamba wana haki ya malipo yaliyokokotolewa kwa mishahara mipya. Kushinda kulikuwa jambo moja, kulipwa jambo jingine. Wengi walizikwa wakiwa bado wanasubiri.

Kwa nini mshahara wa mwisho uwe na uzito kiasi hicho? Jibu limo katika Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, na hesabu yake haizidi ile ya darasa la saba. Idadi ya miezi ya kazi huzidishwa kwa mshahara wa msingi wa mwaka wa mwisho, kisha hugawanywa kwa 480.

Chukua mwalimu aliyefundisha miezi 360, akaondoka na mshahara wa msingi wa Sh60,000 kwa mwezi. Pensheni yake ya mwaka ni Sh540,000. Akikubali kutoa robo yake ilipwe kwa mkupuo, robo hiyo huzidishwa mara 20, naye hupata kiinua mgongo cha Sh2.7 milioni. Kinachobaki kila mwezi ni Sh33,750. Kila baada ya miaka miwili huongezwa asilimia tatu, yaani kama Sh1,012 katika nyongeza ya kwanza. Unga, parafini na nauli ya kwenda mjini havisubiri miaka miwili ndipo vipande bei.

Mwalimu huyo hakukatwa akiba ya pensheni yake akiwa kazini. Fedha hutoka moja kwa moja katika hazina ya serikali. Mzigo ulipozidi kuwa mzito, serikali iliongeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Kisha Bunge likapitisha sheria ya mwaka 2012 iliyounda mpango mpya wa malipo ya uzeeni kwa watumishi wa umma. Sheria ililala kwenye kabati hadi 1 Januari 2021 ndipo ikaanza kufanya kazi.

Hiyo ndiyo tarehe iliyogawa chumba cha walimu. Aliyekuwa na miaka 45 au zaidi siku hiyo aliruhusiwa kubaki katika mpango wa zamani. Aliye chini ya hapo aliingizwa katika ule mpya, apende asipende. Wawili wanaoketi meza moja, mmoja mzaliwa wa Desemba 1975 na mwenzake wa Februari 1976, wanaelekea uzee wa aina mbili. Mdogo, akiwa na mshahara wa msingi wa Sh40,000, hukatwa asilimia 7.5, yaani Sh3,000, na serikali humwongezea asilimia 15, Sh6,000. Fedha hizo huwekezwa, na atakachopata kitategemea zilivyokua. Faida yake ni kwamba akiba ina jina lake, na akifa kazini kuna bima ya maisha isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka. Hasara ni kwamba hesabu ya 480, ambayo mwenzake anaweza kuipiga mgongoni mwa daftari, kwake haitumiki tena kwa miaka ya kuanzia 2021.

Kodi ndiyo iliyoleta afueni. Tangu 27 Desemba 2024, marekebisho ya sheria za kodi yameondoa kodi ya mapato kwenye pensheni ya aliyefikisha umri wa kustaafu. Awali, aliye chini ya miaka 65 alitozwa kwa kiasi kilichozidi Sh25,000 kwa mwezi.

Upande wa afya ndipo panapouma. Akiwa kazini, mwalimu alikuwa na bima iliyolipiwa kwa marupurupu yake ya matibabu. Akistaafu, bima hiyo humalizika, wakati uleule shinikizo la damu na kisukari vinapoanza kubisha hodi. Zamani alijiunga na mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, kwa Sh500 kila mwezi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliifuta NHIF, na tangu 1 Oktoba 2024 mambo yako mikononi mwa mamlaka ya afya ya jamii, SHA. Kupimwa katika zahanati kunagharimiwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi. Kulazwa katika hospitali ya Thika Level 5 kunahitaji awe amelipa mchango: asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, tena ya mwaka mzima kwa asiye na mwajiri. Mapato yake yakikadiriwa kuwa sawa na pensheni ile ya Sh33,750, mchango unakaribia Sh11,140 kwa mwaka. Kwa NHIF ulikuwa Sh6,000.

Ili kukadiria mapato hayo, SHA humhoji kuhusu maisha yake. Maji anayapata wapi? Ana mifugo? Kuta za nyumba yake zimejengwa kwa nini? Mstaafu wa Kalimoni hujibu ukweli: ni za mawe. Mawe hayo aliyanunua kwa kiinua mgongo.