Mchongaji wa Chester na wapagazi wa Maktau

Katika makaburi ya vita mjini Voi amelala William Dartnell, Mwaustralia wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Aliuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa mguu na wenzake wanambeba, lakini alipoona majeruhi wengine wanaachwa nyuma, akaomba abaki nao. Uingereza ikamtunuku Msalaba wa Victoria. Jina lake lipo, cheo kipo, tarehe ipo. Anastahili. Lakini kila nikisimama mbele ya kaburi lile, moyo wangu humwendea mwingine: yule aliyembebea Dartnell maji, unga na masanduku ya risasi. Huyo sijui amelala wapi nimwamkie.

Kumwona, imenibidi kupanda gari hadi Nairobi. Pale Kenyatta Avenue wamesimama watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Aliyewafinyanga ni James Alexander Stevenson, mzaliwa wa Chester, Uingereza, mwaka 1881, aliyezoea kutia sahihi kazi zake kwa jina Myrander. Alifariki mwaka 1937. Kwetu Afrika Mashariki aliacha kazi katika miji mitatu: Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, Nairobi mwaka 1928, na Mombasa, kando ya barabara ya Jomo Kenyatta. Wengi wetu tumepita chini ya sanamu zake maisha yetu yote bila kumjua yeye.

Kazi ya namna hii haichongwi kwa patasi kama kinyago. Mchongaji huanza na udongo, akaubonyeza na kuukwangua mpaka misuli itokee, kisha umbo hutolewa kalibu, na ndipo shaba iliyoyeyushwa humiminwa. Sanamu ya askari wa Dar es Salaam ilisubiwa London katika kiwanda cha Morris, ikaonyeshwa kwanza kwenye ukumbi wa Royal Academy, ndipo ikasafirishwa kwa meli. Iliwekwa mahali ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Wissmann alisimama juu, na askari Mwafrika chini yake. Katika kazi ya Stevenson bwana hayupo, askari yuko peke yake juu ya nguzo. Kwa kazi iliyoagizwa na dola la kikoloni, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, nami naiheshimu kwa hilo.

Vita vyenyewe, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vilipiganwa huku kwetu. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kupita Mwatate kuelekea Maktau, na pale reli ilipokomea, mgongo wa mtu ndio uliochukua mzigo. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata Taveta ikakombolewa, kisha wakapigana Latema na Reata. Katika kampeni nzima, wapagazi waliokufa upande wa Uingereza wanakadiriwa kupita 90,000. Risasi iliwaua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, midomo yetu ililigeuza Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, na leo watu hununua viatu na nyanya humo.

Sitaweza kuandika juu ya vita hivi nikawasahau watu wa Kasigau. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuvamia mlima wao, Waingereza waliwashuku kuwa wamemsaidia adui, wakaihamisha jamii nzima hadi Malindi. Watu wa mlimani penye ukungu wakatupwa kwenye joto la pwani. Wengi walifia huko kwa maradhi, na waliosalia walirudi miaka mingi baadaye. Hao hawakushika bunduki wala hawakubeba mzigo wa mtu, na hata shaba ya Stevenson haiwafikii.

Sanamu ya Nairobi ina maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayomwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimezunguka nguzo ile nikilitafuta jina. Hakuna hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina kama Wazungu walivyokumbukwa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Wachongaji tunao. Kevin Oduor ndiye aliyeifinyanga sanamu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe. Ile ina jina, na ina uso wa mtu mmoja anayejulikana. Natamani fundi wa aina hiyo aletwe Voi, apandishwe Kasigau kabla hajagusa udongo, aketi na wazee waliosikia habari za Malindi kwa bibi zao, ayaandike majina watakayomtajia, kisha awatazame nyuso wajukuu wao. Mchongaji wa Chester hakuwahi kupewa majina hayo. Kasigau bado yanatajwa.