Mrithi wa Uchifu Aliyeyatoa Madini ya Kwao

Oktoba 1969, miaka mitatu baada ya uhuru, Makamu wa Rais wa Botswana alishindwa ubunge nyumbani kwao Kanye. Quett Masire alikuwa pia Waziri wa Fedha, mtu wa pili kwa uzito serikalini. Aliyemwangusha ni mzee wa kwao, Bathoen wa Pili, aliyekuwa chifu wa Wangwaketse kwa miaka ipatayo 40 na ambaye aliachia uchifu mwaka huohuo ili agombee kwa tiketi ya chama cha upinzani, BNF. Kura zilihesabiwa, matokeo yakatangazwa, Masire akayapokea. Alirudi bungeni kupitia viti vichache ambavyo Katiba iliruhusu Bunge lenyewe kuvijaza, akaendelea kushika hazina, na miaka 11 baadaye akawa Rais. BNF, ikiwa ndani ya muungano wa UDC, ilisubiri hadi 2024 kuingia Ikulu.

Maendeleo ya Botswana yakitajwa, watu wengi huanza na almasi. Mimi huanza na uchaguzi wa Kanye, kwa sababu hasira za Bathoen zinatuonyesha viongozi wale walifanya nini kabla fedha haijaingia. Kati ya 1965 na 1998 pato la wastani la kila mtu nchini humo lilikua kwa asilimia 7.7 kwa mwaka, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofikia kasi hiyo katika kipindi hicho. Safari ilianzia chini kabisa. Siku ya uhuru, 30 Septemba 1966, nchi nzima ilikuwa na kilomita 12 za lami na wahitimu 22 wa chuo kikuu, na ukame ulikuwa umemaliza karibu theluthi ya ng'ombe. Waingereza waliitawala kwa miaka 80, muda mwingi kutoka Mafeking, mji ulioko Afrika Kusini. Hata makao makuu hawakuona haja ya kuyaweka ndani ya nchi yenyewe.

Machifu walikuwa na nini cha kupoteza? Karibu kila kinachompa mtu ukubwa katika nchi ya wafugaji. Chifu ndiye aliyegawa mashamba na malisho, ndiye aliyeamua kesi. Ng'ombe waliopotea na kukosa mwenyewe, wale waitwao matimela, walikwenda zizini kwake. Na kilichokuwa chini ya ardhi kilihesabiwa kuwa cha kabila. Ndani ya miaka michache sheria zikafuatana. Ya uchifu, mwaka 1965, ilimweka chifu chini ya serikali. Ya madini, mwaka 1967, ilifanya utajiri wote wa ardhini kuwa wa taifa. Ya ardhi za makabila, mwaka 1968, ilihamishia ugawaji wa ardhi kwenye bodi maalumu, na ng'ombe waliopotea wakawa wa halmashauri za wilaya. Kwa Wangwaketse tayari kulikuwa na mgodi wa asbesto huko Moshaneng. Bathoen alijua vizuri anachopokonywa.

Tuangalie wenzao wa wakati ule. Mei 1966 Milton Obote alituma askari kulivamia jumba la Kabaka huko Mengo, na mwaka uliofuata Uganda ikafuta falme zake zote. Jeraha hilo Waganda wameishi nalo kwa miongo. Botswana ilitaka jambo lilelile, yaani dola iwe juu ya mamlaka za jadi, lakini hakuna risasi iliyolia. Machifu walibaki na baraza lao la kitaifa lenye kazi ya kushauri. Kgotla, baraza la kijiji ambako kila mtu ana haki ya kusema mbele ya mkubwa wake, liliachwa liendelee, na mawaziri wakalazimika kwenda huko kueleza mipango yao na kusikiliza malalamiko ana kwa ana.

Iliwezekana kwa sababu aliyewaondolea machifu mamlaka alikuwa na damu ya kichifu kuliko karibu wote. Seretse Khama alizaliwa Serowe mwaka 1921, mjukuu wa Khama wa Tatu, na alirithi kiti cha Wangwato akiwa mtoto wa miaka minne huku baba yake mdogo, Tshekedi, akishika madaraka kwa niaba yake. Mwaka 1948, akisoma sheria London, alimwoa Ruth Williams, Mwingereza mweupe. Ndoa hiyo iliwaudhi wazee wa ukoo. Iliwaudhi zaidi Makaburu, waliokuwa wametwaa serikali ya Afrika Kusini mwaka huohuo, na Uingereza haikutaka kuwakasirisha kwa kuwa ilihitaji dhahabu na urani yao. Mwaka 1950 Seretse aliitwa London kwa mazungumzo, kisha akazuiwa kurudi kwao. Alirudi mwaka 1956 akiwa raia wa kawaida, baada ya kuukana uchifu, yeye na uzao wake.

Naamini dhuluma ile ndiyo iliyompa nguvu ambayo hakuna mwanasiasa mwingine wa kizazi chake aliyekuwa nayo pale. Alikuwa na heshima ya kiti bila kiti chenyewe. Wangwato, kabila kubwa kuliko yote nchini, walimwona bado kuwa ni wao. Makabila mengine hayakuwa na sababu ya kumwogopa kama chifu wa watu fulani anayetaka kuwameza. Alipoanzisha chama chake mwaka 1962 pamoja na Masire, mwalimu na mkulima kutoka Kanye, tayari waliunganisha makabila mawili makubwa katika uongozi mmoja.

Sheria ya madini ya 1967 ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Mwaka huohuo wataalamu wa kampuni ya almasi ya De Beers waligundua almasi Orapa, na Orapa iko katika ardhi ya Wangwato, yaani kwao Seretse mwenyewe. Kuyafanya madini kuwa ya taifa lilikuwa wazo la chama tangu uchaguzi wa 1965, wakati hakuna aliyejua kama kuna chochote cha maana kitakachopatikana. Utajiri ulipojitokeza nyumbani kwake hakugeuka. Baadaye likaja chimbo jingine, Jwaneng, lililofunguliwa mwaka 1982 na kuwa mgodi wa almasi wenye thamani kubwa kuliko wote duniani. Jwaneng iko katika ardhi ya Wangwaketse, watu wa Bathoen. Kama Wangwato wangeshikilia Orapa yao, Wangwaketse nao wangeshikilia Jwaneng yao, na sidhani kama ingebaki nchi moja ya kuzungumzia leo. Tumeona Katanga na Kasai Kusini zikijitenga na Kongo mwaka 1960, huku madini yakiwa nyuma ya yote mawili.

Mwenye shaka atauliza: je, si bahati tu? Ni swali la haki, na sehemu ya jibu ni ndiyo. Almasi ya Orapa na Jwaneng imefungwa ndani ya mwamba wa kimberlaiti unaoteremka chini sana ardhini. Huwezi kuifikia kwa sururu na chekeche. Inataka mitambo, mtaji mkubwa na uzio, kwa hiyo serikali inajua kila karati inapotokea. Kono huko Sierra Leone, na sehemu kubwa ya Kasai, almasi imo katika mchanga wa mito, na mtu yeyote mwenye koleo, au bunduki, anaweza kujichukulia. Jiolojia iliwarahisishia kazi Seretse na Masire, na anayewasifu bila kulisema hilo anawasifu kupita kiasi.

Ila mwamba peke yake hautoshi. Sisi Watanzania tuna mgodi wa Mwadui. John Williamson aliigundua mwaka 1940 huko Shinyanga, kimberlaiti vilevile, na alipofariki mwaka 1958 mgodi ulinunuliwa nusu kwa nusu na serikali ya Tanganyika na De Beers. Botswana ilianza Orapa na asilimia 15 tu ya hisa, ikafikia nusu mwaka 1975. Kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa na hisa ya nusu miaka 17 kabla ya Gaborone! Ni kweli kwamba tani ya mwamba wa Mwadui hutoa almasi chache mno ikilinganishwa na Jwaneng, na tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini mijadala yetu kuhusu madini, kuanzia sheria mpya za 2017 hadi mkataba wa serikali na Barrick uliozaa kampuni ya Twiga, imejaa hesabu za hisa: asilimia 16, asilimia 50. Hisa ni mlango wa kuingilia tu. Kilichoitofautisha Botswana ni kilichotokea baada ya fedha kufika hazina.

Na hapo ndipo Masire anapostahili nafasi yake, ingawa jina lake halitajwi sana nje ya nchi. Seretse ndiye aliyependwa. Masire ndiye aliyesema hapana. Mwaka 1969 alishiriki kuujadili upya mkataba wa umoja wa forodha na Afrika Kusini, na mgawo wa nchi yake ukapanda sana. Kufikia bajeti ya 1972/73 Botswana iliacha kutegemea ruzuku ya Uingereza kulipia matumizi ya kawaida, wakati almasi ndiyo kwanza imeanza kuchimbwa. Mradi wa maendeleo usiomo katika mpango uliopitishwa na Bunge haukuruhusiwa kupewa fedha, hata waziri angekuwa na haraka namna gani. Watumishi wa kigeni wenye ujuzi hawakufukuzwa kwa pupa; walibaki hadi vijana wa Kitswana walipokuwa tayari, na kwa hilo serikali ililaumiwa sana. Jeshi halikuwapo mpaka 1977. Soko la almasi lilipoanguka mwaka 1981 na mauzo yakasimama kwa miezi kadhaa, serikali ilikuwa na akiba, ikabana mishahara, ikavuka. Ukame wa 1982 hadi 1987 ulipokuja, kulikuwa na fedha ya kugawa chakula na kuwalipa wanavijiji kwa kazi za umma.

Kuna sababu nyingine ambayo wasifu wa viongozi hawa huipita haraka. Walikuwa wafugaji wakubwa. Barabara, visima, chanjo za mifugo, machinjio ya Lobatse na soko la nyama la Ulaya lililofunguka kwa Mkataba wa Lomé mwaka 1975 vilikuwa na faida kwa taifa, na vilikuwa na faida kwao. Maslahi yao yalikwenda njia moja na ya nchi, na hilo lilisaidia kuliko hotuba. Lakini utafiti wa miaka ileile ya sabini ulionyesha kwamba karibu nusu ya kaya za vijijini hazikuwa na ng'ombe hata mmoja. Sera ya malisho ya 1975 iliruhusu wenye makundi makubwa kuzungushia uzio ardhi iliyokuwa ya wote. Leo Botswana ni miongoni mwa nchi zenye pengo kubwa kabisa la kipato duniani, na pengo hilo lina mizizi katika uamuzi wa watu haohao tunaowasifu.

Wabasarwa, watu wa jamii ya San, ndio walioumia kuliko wote. Mwaka 1997 na tena 2002 waliondolewa katika Hifadhi ya Kalahari ya Kati, ardhi ya mababu zao. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwao mwaka 2002 kulikuwa kinyume cha sheria. Ndiyo, mahakama iliweza kusema hivyo dhidi ya serikali, na hilo ni tunda la taasisi zilezile. Walioondolewa waliishi miaka minne ya shida wakisubiri tunda hilo.

Festus Mogae, aliyempokea Masire mwaka 1998, alikuta janga lililotishia kufuta kila kitu: zaidi ya theluthi ya wajawazito waliopimwa kliniki walikuwa na virusi vya UKIMWI. Wakati Thabo Mbeki, Rais wa Afrika Kusini jirani, akitilia shaka sayansi, Mogae alisimama hadharani akataja ugonjwa kwa jina, na mwaka 2002 Botswana ikaanza kugawa dawa za kufubaza virusi bila malipo, mapema kuliko karibu serikali zote za Afrika. Fedha za serikali kwa kazi hiyo zilikuwapo kwa sababu Waziri wa Fedha wa miaka ya sabini alikuwa mbahili.

Kilichowashinda wote, kuanzia Seretse hadi leo, ni kutoka kwenye almasi. Kila mpango wa maendeleo uliahidi viwanda na kazi nyingine, na kila mara jiwe lilirudi kuwa tegemeo la bajeti na la mauzo ya nje. Sasa almasi zinazotengenezwa maabara zimeshusha bei, uchumi ulisinyaa mwaka 2024, na Agosti 2025 Rais Duma Boko alitangaza hali ya dharura ya afya kwa kuwa hospitali zilikosa dawa. Februari 2025 serikali yake ilikuwa imetia saini mkataba mpya wa miaka 10 na De Beers, unaoipa kampuni ya serikali asilimia 30 ya almasi za Debswana, kampuni ya ubia kati ya serikali na De Beers, kuziuza yenyewe, itakayopanda kadiri miaka inavyokwenda. Na kwa kuwa Anglo American, kampuni mama, inaiuza De Beers, Gaborone, yenye asilimia 15 ya hisa, inataka kuongeza umiliki wake. Naielewa hamu hiyo. Ni kampuni inayotegemea sana almasi za ardhi yao. Lakini serikali isiyo na fedha ya dawa ikikopa ili inunue zaidi ya bidhaa inayoshuka bei, itakuwa imekiuka kanuni ya kwanza ya hazina ya Masire, na ningependa kuwaona wabunge wa UDC, ambao wengi wao wameingia Bungeni kwa mara ya kwanza, wakilizuia hilo kabla saini haijawekwa.