Maji Yaliyozidi na Uchovu Usiokwisha

Ushauri wa kunywa glasi 8 za maji kila siku umezoeleka kiasi kwamba mtu anayelalamikia uchovu huhimizwa kwanza aongeze maji, ingawa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa viungo vya mwili, inaonyesha kuwa maji yaliyozidi nayo yanaweza kuuchosha mwili. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ilitaja lita 2.5 kuwa kiasi kinachowafaa watu wazima walio wengi, ikaeleza papo hapo kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo katika chakula. Wengi wakashika sehemu ya kwanza, wakaisahau ya pili. Heinz Valtin, mtaalamu wa figo, alipoupitia ushahidi wa kisayansi mwaka 2002, hakupata uthibitisho wa kanuni ya glasi 8 kwa watu wenye afya wanaoishi mahali pasipo na joto kali na wasiofanya kazi nzito.

Kinachoamua madhara ni sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi ya mezani, ambayo kiwango chake cha kawaida katika damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Maji yanapoingia kwa wingi, mwili hupunguza vasopresini, homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji, na figo zenye afya huweza kutoa karibu lita moja kwa saa. Uwezo huo ukizidiwa, au homoni hiyo isiposhuka inavyotakiwa, sodiamu hupungua na maji huingia ndani ya seli zikavimba, hali iitwayo haiponatremia. Miongoni mwa wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni mwa mbio za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa nayo, hasa wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi.

Hali inayotokea ghafla huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege, lakini ile inayojengeka polepole ni rahisi kupuuzwa, kwa kuwa seli za ubongo hujirekebisha na kumwachia mgonjwa dalili zisizo na kelele: uchovu, umakini uliopungua, hatua zisizo thabiti. Wanaostahili uangalifu mkubwa zaidi ni wazee, hasa wanaotumia dawa za shinikizo la damu za kundi la thiazaidi, zinazoongeza mkojo na kupoteza sodiamu, au baadhi ya dawa za sonona. Kwao hata kiasi cha maji kisichomdhuru kijana kinaweza kuleta madhara.

Njia nyingine ambayo maji mengi huleta uchovu haihusiani na sodiamu kabisa. Anayekunywa maji mengi jioni huamka mara kwa mara kukojoa, usingizi wake ukakatika, na mchana akawa mchovu bila kushuku jagi lililo kando ya kitanda.

Hata hivyo, kosa zito zaidi ni kudhani kwamba kila anayekunywa sana na kuchoka sana amechoshwa na maji. Katika kisukari, sukari iliyozidi hutolewa kwa mkojo na kuyavuta maji pamoja nayo, hivyo kiu kali na uchovu huwa dalili mbili za ugonjwa mmoja, na kumkataza mgonjwa huyo maji ni kumwongezea hatari. Vivyo hivyo, ugonjwa wa uchovu sugu, ambao hudumu miezi 6 au zaidi, hauponi kwa mapumziko na huzidi baada ya kazi ndogo, haujathibitika kusababishwa na maji. Baadhi ya wagonjwa wake hupata kizunguzungu wanaposimama kutokana na matatizo ya mzunguko wa damu, na madaktari huwashauri waongeze maji na chumvi.

Ndiyo maana mtu mwenye kiu na uchovu wa muda mrefu hapaswi kubadili kiasi cha maji kwa kukisia kabla ya kupimwa sukari, sodiamu na utendaji wa figo, na daktari husaidika sana akiletewa kumbukumbu ya siku tatu ya kiasi kilichonywewa, mkojo uliotoka na mara alizoamka usiku, pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia.