Krismasi baa ya nyumbani: kunywa, cheza, ila mtaji urudi salama



Najua wengi wenu saa hizi mnafunga mizigo ya mwisho ya wateja huku begi la safari liko mlangoni. Wa Rombo, Marangu, Machame na Kibosho mnajijua. Ikifika wiki ya Krismasi, Kilimanjaro inajaa watoto wake waliotawanyika kutafuta maisha, na ile baa ya jirani uliyoiacha ina meza nne na spika moja inageuka kuwa ukumbi wa ukoo mzima.

Leo sikuambii usiende baa. Nenda. Umepambana mwaka mzima, umejibu "bei gani?" mpaka vidole vimechoka, unastahili kukaa chini na watu wako. Ninachotaka tuelewane ni kitu kimoja: hela ya raha na hela ya biashara zisiingie baa pamoja.

UTAMU WENYEWE

Tuseme ukweli, baa ya Krismasi nyumbani haifanani na baa ya siku nyingine. Watu wakitoka kanisani wanapita nyumbani kula, halafu mmoja mmoja wanaanza kushuka. Unamkuta uliyesoma naye darasa la tatu, sasa ana kipara. Unamkuta baba mdogo aliyekuwa anakufukuza kwenye migomba yake, leo anakuvutia kiti. Muziki ni mchanganyiko: zilipendwa kwa ajili ya wazee, Bongo Fleva kwa vijana, na lazima mtu aweke Boney M. Ile albamu yao ya Krismasi ilitoka 1981, lakini kila Desemba inarudi kama mgeni wa familia.

Jikoni nyama choma inageuzwa, supu inachemka. Pembeni kuna bia, soda, na mbege. Kwa wasioijua, mbege ni pombe ya Wachagga ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na wengine huikolezea uchungu kwa gome la mti wa msesewe. Ina kazi. Ndizi ziive, zichemshwe, zikae. Ulezi ulowekwe, uoteshwe, ukaushwe, usagwe, upikwe uji, ndipo vikutanishwe. Na ikishakuwa tayari haikai sana, inazidi kuchacha. Kwa hiyo mama anayekuuzia mbege tarehe 25 alianza kuhesabu siku zake mapema kabisa, akijua wateja wake watakuwa wangapi.

Huyo mama mkumbukeni, nitamrudia.

PESA INAPOTELEA WAPI

Wengi tunadhani hela ya baa inaisha kwa sababu tunakunywa sana. Mara nyingi siyo hivyo. Inaisha kwa ofa.

Ofa inaanza kwa upendo. Umeingia, mtu anakuita "tajiri wa Dar", mwingine "mangi, umetupotea!" Unakaa. Mmoja anazungusha raundi ya kwanza. Huwezi kunywa cha mwenzio ukanyamaza, kwa hiyo ya pili unaitoa wewe. Wakati huo meza ya watu wanne imekuwa ya watu wanane, maana waliokuona kwenye picha zako Instagram, umesimama katikati ya marobota ya nguo, wanaamini umetajirika. Hawajui kwamba nusu ya yale marobota ni ya kukopa.

Piga hesabu na mimi. Tuseme kinywaji kimoja ni shilingi 2,500. Watu 8 ni 20,000 kwa raundi moja. Raundi tatu ni 60,000. Ongeza nyama kilo mbili, tuseme 15,000 kwa kilo, hapo ni 30,000. Jumla 90,000. Kama kwenye kila jozi ya viatu unapata faida ya 6,000, jioni hiyo moja umekula faida ya jozi 15. Na kesho yake ni Boxing Day, nayo ni sikukuu, na baa ni ileile.

Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti. Weka zako, upige hesabu hiyohiyo.

YALIYONIKUTA MIMI

Nilikuwa nauza viatu kwa oda. Wateja saba walikuwa wamenitumia nusu ya bei kabla ya sikukuu, kila mmoja 15,000, jumla 105,000. Makubaliano yalikuwa nikirudi mjini tarehe 28 niwachukulie mzigo. Hela yote ilikuwa kwenye laini yangu moja, humohumo na nauli, na zawadi ya bibi, na ya kwangu.

Jioni ya Krismasi nilikuwa nafurahi kweli. Kila bili ikija natoa simu, nalipa, naweka mezani. Ukilipa kwa simu huoni noti zikipungua, unaona tarakimu tu, na giza lilishaingia. Asubuhi ya tarehe 27 nikafungua salio nikate tiketi ya basi. Nililiangalia mara tatu.

Nauli alinipa dada yangu. Mzigo wa wateja nikauchukua kwa kukopa, tena wiki mbili baada ya siku niliyoahidi. Sita walinielewa, angalau kwa mdomo. Wa saba alichukua viatu vyake, akasema asante, hakununua tena kwangu mpaka leo. Hakuwa na makosa. Alinipa hela ya viatu, mimi nikamnunulia bia mtu ambaye yeye hamjui.

Siku ile nikamkumbuka yule mama wa mbege. Huwa ana mafundo mawili kwenye kanga yake. Moja la hela ya ndizi na ulezi wa kupika tena, jingine la matumizi. Nilishamwona mjukuu wake akimlilia hela ya soda, akafungua fundo la matumizi, likawa tupu. Akamwambia, "Basi mpaka kesho, mjukuu wangu." Fundo la ndizi hata hakuligusa. Sisi wenye simu kubwa tunashindwa na fundo la kanga.

FANYA HIVI

1. Tenga kabla ya kusafiri. Kaa na daftari, andika: hela ya wateja ambao hawajapata mzigo, deni la unayechukua mzigo kwake, kodi ya Januari, sare na madaftari ya watoto, mtaji wa kununulia mzigo mpya. Hizo zote si zako kwa sasa. Kinachobaki, toa nauli ya kwenda NA KURUDI. Kinachobaki tena, ndiyo Krismasi yako. Kama ni 50,000, basi Krismasi yako ni ya 50,000, na inaweza kuwa nzuri sana.

2. Laini ya biashara ibaki nyumbani. Kama una simu mbili, ya biashara iache ndani, imefungwa. Kama una moja, hamishia hela ya biashara benki, au sehemu yoyote ambayo ukiwa umekunywa utaona uvivu kuitoa. Baa nenda na noti. Noti zikiisha, sherehe imeisha.

3. Toa ofa moja, itoe mapema, itoe kwa wazee. Heshima ya nyumbani haitaki uhudumie meza yote usiku kucha. Ukiingia, wasalimie wazee, mwambie mhudumu awapelekee kinywaji baba mdogo na wenzake, umemaliza. Hilo litasemwa kijijini kuliko raundi tano ulizotoa saa sita usiku watu wakiwa hawakumbuki. Wakikuita tajiri, cheka tu, jibu: "Tajiri bado anadaiwa, baba."

4. Lipa kila raundi inapokuja, na visoda viache mezani. Baa ya Krismasi imejaa, mhudumu ana meza kumi, kukosea ni rahisi bila hata nia mbaya. Visoda vikiwa mezani mnahesabu pamoja, hakuna ugomvi. Na yule dada anayewahudumia ameacha familia yake siku ya sikukuu. Mwachie chochote, naye anatafuta kama wewe.

5. Usijibu wateja ukiwa umekunywa. Hapa wengi tunaumia. Mteja anauliza bei, wewe kwa furaha unampunguzia mpaka chini ya ulichonunulia, na maandishi yanabaki. WhatsApp Business ina sehemu ya kujibu yenyewe ukiwa haupo. Weka: "Heri ya Krismasi! Tumepumzika, tutajibu oda zote kuanzia tarehe 27." Mteja mwenye nia atasubiri.

6. Oda ya baa si oda mpaka kesho. Meza ya Krismasi ni soko, sikatai. Shemeji akisikia unauza viatu atasema, "Niletee jozi nne!" Furahi, chukua namba yake, rudini kwenye muziki. Keshokutwa mtumie ujumbe: "Shemeji, zile jozi nne bado? Tanguliza nusu nikuchukulie." Akitanguliza, ni mteja. Asipotanguliza, ilikuwa ni bia inaongea. Usinunue mzigo kwa neno la mezani. Na usigeuze meza yote kuwa duka, watu wamekuja kupumzika, na wewe pia.

7. Soda ni kinywaji. Kama hunywi pombe, agiza tangawizi yako baridi, kaa, cheza. Akikulazimisha mtu, mwambie wewe ndiye utakayekumbuka stori zote kesho. Na kama unakunywa, pikipiki au gari usiguse. Barabara za kule zina kona na mteremko, na mwenye bodaboda aliyekunywa naye usipande.

MWISHO

Usisikie haya kuwa mtu wa kwanza kuondoka. Muziki utabaki, na waliobaki watakusema dakika tano, kisha watarudi kwenye nyama yao. Wewe utaamka tarehe 26 kichwa chepesi, upite kumsalimia bibi, na laini ya biashara ikiwa na kila shilingi ya watu.

Januari haina ofa. Wateja waliokutumia hela zao Desemba wanasubiri mzigo, na kwao jina lako ndiyo duka lako.

Sasa tuambiane hapo chini: Krismasi hii unaenda wapi, na umejipangia shilingi ngapi za raha? Na kama una rafiki tunayejua kabisa atamaliza mtaji mezani, mtumie hii kabla hajapanda basi.

Heri ya Krismasi, wapambanaji. Tukutane Januari, mtaji ukiwa mzima.