Dawa ya Ganzi ya Jicho na Kazi ya Machozi

Labda siku moja takataka iliingia katika jicho lako, na munganga akakutilia tone la dawa kwa kuitoa. Kwanza dawa iliwasha kidogo. Baada ya nusu dakika hivi maumivu yalikwisha, ukaweza kufungua jicho. Ukasema moyoni: «Heri nipewe chupa hii niende nayo nyumbani.» Lakini munganga alikataa. Usifikiri alikunyima kwa choyo. Soma maneno haya, nawe utafahamu sababu.

Machozi yanatoka wapi? Juu ya jicho, upande wa nje, kuna tezi ya machozi. Machozi si ya kulia tu. Yanalowanisha jicho, yanaosha vumbi, yanapigana na vijidudu vya ugonjwa. Lakini tezi haitoi machozi mengi pasipo kupata habari. Kioo cha jicho, ndiyo sehemu ya mbele inayopitisha mwangaza, kina mishipa ya fahamu mingi, midogo sana. Vumbi likikigusa, mishipa inapeleka habari katika ubongo. Ubongo unaamuru tezi kutoa machozi, na kope kufunga. Yote yanafanyika mara moja, wewe bila kufikiri.

Habari inapita namna gani? Katika ngozi ya mushipa wa fahamu mna milango midogo isiyoonekana kwa macho. Nje ya mushipa kuna sodiamu nyingi, ile iliyo katika chumvi ya chakula. Kitu kikigusa jicho, milango inafunguka, sodiamu inaingia, na habari inakimbia toka mulango hata mulango, mpaka inafika katika ubongo. Dawa ya ganzi, kama tetrakaini, inaziba milango ile. Sodiamu haiingii, habari haipiti. Maumivu hayasikiki, lakini tezi nayo haipati habari. Basi machozi yanapunguka, na kope zinafunga mara chache. Ni kama kijiji ambacho mulinzi wake amelala: adui akiingia, hakuna wa kupiga ngoma.

Waganga wanaweza kupima jambo hili. Wanatundika ukanda wa karatasi, upana wake milimetre 5, katika kope ya chini. Wanangoja dakika 5, kisha wanapima urefu uliolowa. Munganga Otto Schirmer wa Ujerumani alieleza kipimo hiki mwaka 1903. Jicho likitiwa ganzi kwanza, kwa kawaida karatasi inalowa kidogo kuliko pasipo ganzi, maana jicho halisikii karatasi inayoligusa.

Usichukie dawa hii. Zamani watu wengi walipasuliwa macho wakisikia maumivu yote. Mwaka 1884 Carl Koller, munganga wa Vienna, alionyesha ya kuwa kokaini inafisha maumivu ya jicho. Leo kuna dawa nyingine zilizo salama zaidi, na tone moja au mawili yanatosha kwa kazi ya robo saa hivi.

Hatari ni kuitumia siku kwa siku. Fikiri fundi anayeunga chuma kwa umeme pasipo kufunika macho. Usiku macho yanawaka kama yamejaa muchanga. Akipumzika, na kutumia dawa aliyopewa na munganga, mara nyingi atapona kwa siku 1 au 2. Lakini akipata chupa ya ganzi, atatia. Nguvu yake ikiisha, atatia tena. Jicho linakauka, halisikii vumbi, na dawa yenyewe inazuia ngozi ya jicho kupona. Kidonda kinaingia, kioo kinakuwa cheupe, naye anaweza kupofuka, hali hasikii maumivu ya kumuonya.

Basi, shika maneno haya:

1. Ukitiwa ganzi, usisugue jicho hata nguvu ya dawa iishe. Lilinde na vumbi la njia.

2. Usinunue dawa ya ganzi sokoni, wala usiazime chupa ya mwingine.

3. Usitie chumvi katika jicho. Sodiamu tuliyoitaja iko tayari katika mwili wako.

4. Maumivu yakirudi, usitafute ganzi. Rudi kwa munganga siku ile ile, atazame kidonda.

Maumivu ya jicho ni mulinzi anayekuita. Usimunyamazishe mbele ya kujua ameona nini.